Baba, Nilimfundisha Dieudonné

Baba yangu mpendwa,

Huu ni mwaka wa saba tangu utoke nyumbani kwetu Buyenzi asubuhi, ukiwa na madaftari ya wanafunzi kwapani, ukasema utarudi kula mchana. Hukurudi.

Unakumbuka ulivyonifundisha Kiingereza barazani, tukitumia kamusi moja isiyo na jalada? Majirani walikucheka. Kazi za ofisini zilitaka Kifaransa, sasa Kiingereza cha nini? Wewe ulinieleza kwamba Kiingereza hapa kwetu hakina mwenyewe, kwa hiyo anayekifundisha hana upande. Vita vilipolipunguza darasa lako likabaki na wanafunzi tisa, bado ulikwenda. Mtu akikuuliza kabila lako, jibu lilikuwa moja: "Mi niko mwalimu wa Kiingereza." Nilikuamini. Nami nikasomea ualimu.

Mwaka huu Dieudonné, mwanafunzi wako wa zamani, alinifuata shuleni. Ni mtu mzima sasa. Alitaka kuhamia ng'ambo, akaomba nimfundishe baada ya masomo. Nilifurahi, kwani alisema maneno yake ya kwanza ya Kiingereza aliyapata kwako.

Siku moja nilimpa zoezi la wakati uliopita: aandike mambo kumi aliyowahi kufanya. Tisa yalihusu mpira, kanisa na kuogelea ziwani Kajaga. La kumi aliandika kwamba alikuwepo kwenye kizuizi cha barabarani siku mwalimu wake alipouawa, na hakusema kitu.

Nilimuuliza kama mwalimu huyo ni wewe. Akaitikia kwa kichwa. Akanisimulia kwamba wenzake walikuuliza wewe ni nani, ukawapa lile jibu lako, wakacheka. Ndipo ukamwona yeye kati yao, ukamwita kwa jina.

"Ungesema unamujua," nilimwambia.

"Wangeniua na mi, madamu."

Unajua nilifanya nini, Baba? Sentensi yake ilikuwa na kosa kwenye kitenzi. Nilichukua kalamu nyekundu, nikalisahihisha, nikamrudishia daftari. Wiki iliyofuata alikuja tena, nami nikamfundisha. Nilimfundisha vizuri, mpaka akaondoka nchini.

Mwalimu mwenzangu niliyemweleza alisema nilitenda kama mwalimu wa kweli. Maneno yake yalinichoma. Nilishika kalamu kwa sababu sikujua namna ya kuwa kitu kingine. Sikujua namna ya kuwa binti yako. Kiingereza hakikukukinga pale barabarani, na mimi kimenifundisha kujificha. Kila asubuhi naingia darasani, wanafunzi wanasimama, wananiamkia, nami naitikia huku najiona kama mtu aliyeazima nguo za marehemu.

Mama sijamwambia. Nitaanzia wapi? Atauliza jambo moja tu, na jambo hilo mimi sikuliuliza. Dieudonné alikaa mbele yangu majuma mengine matatu, tukapitia barua rasmi, tukapitia namna ya kujitambulisha kwa wageni, na hata siku moja sikumuuliza walikutupa wapi. Sasa ameshakwenda. Hakuacha anwani.

Nisamehe, Baba. Pumzika hapo ulipo, nisipopajua.

Binti yako