Kambale wa mfereji wa Chimala

Neema mpwa wangu, kamwene huko Mlandege!

Mjomba wako huku Chimala nanenepa kwa wali. Nilikodi trekta nikaongeza shamba, na mpunga ukaota hivi kwamba ng'ombe akiingia humo anatafutwa kwa filimbi. Majirani walivyoona, nao wakaongeza.

Basi jana zamu yangu ya maji ikafika. Nikafungua mfereji kwa mbwembwe, yakatoka matope na kambale mmoja, kama kidole, anahema. Nikapanda na mfereji kumtafuta mwizi wa maji, panga mkononi, mpaka mtoni. Mwizi hakuna. Mto wenyewe umebaki mchirizi, na mama mmoja wa Kisukuma amekaa ukingoni na ndoo tupu.

"Mjomba wa Iringa," akaniambia, "mashamba mmeongeza. Na mto mmeuongeza?"

Unanijua, hata padri nilimshinda kwa maneno. Jana nilichukua panga langu nikarudi nyumbani nikiwaza. Maana ukilima zaidi unavuna zaidi, hilo nimeliona kwa macho yangu. Sasa mbona tumelima zaidi wote na mpunga unakauka wote? Kichwa kinaniuma.

Yale matete ya chemchemi, pale vinyunguni, kwenye mboga zetu za bondeni, niliyokuagiza uyafyeke tupanue bustani: usiyaguse kwanza. Usiniulize sababu, bado naitafuta. Ila usiyaguse, mwanangu.

Mama yako mwambie nampenda, na kwamba kambale alikuwa mkubwa kama mbuzi.

Mjomba wako,
Kalinga