Shamba Ulilolinunua Maji Yakiwa Mafu

Mpendwa ndugu yangu Mutwiri,

Unisamehe kwa kimya hiki kirefu. Sijakuandikia tangu masika, na sina udhuru wa maana. Natumaini goti la Mama limepata nafuu tangu mlipompeleka hospitalini hapo Nkubu. Mimi ni mzima. Ningeweza kukupigia simu, lakini ningekukemea tu, na jambo hili linahitaji kusemwa taratibu.

Unajua kwamba tangu nistaafu kufundisha shuleni Kaaga na kumfuata mume wangu kwao huku pwani, nimejiunga na majirani wanaotunza mikoko, ile miti inayoota katika matope ya bahari. Tunaotesha miche, tunapanda palipokatwa. Samaki na kaa huzaliana humo. Watu wa kijiji cha pili waliimaliza yao. Chumvi ikaingia visimani, na sasa wanawake wa huko huja kuchota maji kwetu.

Jumanne tulikwenda na miche yetu tukakuta kinamasi kimezungushiwa seng'enge, vigingi vya saruji vimesimikwa, na mikoko iliyokuwamo imefyekwa. Mlinzi alikuwa ameketi juu ya kisiki. Mwenyekiti wetu, Bi Mwanaisha, alimuuliza mwenye mahali pale ni nani.

"Mtu wa bara," akasema. "Mmeru, kama Mwalimu huyu. Ana duka la mbolea huko Nkubu. Mwezi ujao analeta malori ya mawe, ajaze, ajenge nyumba za wageni."

Nikamwambia kwamba Wameru ni wengi, na maduka ya mbolea ni mengi.

"Huyu hana kidole cha shahada. Asema alijikata na panga utotoni, akikata majani ya ng'ombe."

Mutwiri, kidole kile nilikifunga mimi, kwa kitambaa nilichokichana kutoka sketi yangu ya shule.

Bi Mwanaisha alinitazama. "Wamjua?"

"Ni ndugu yangu. Tumezaliwa tumbo moja."

Bi Mwanaisha akacheka kidogo, bila furaha. "Nyinyi watu wa bara mwapenda ardhi, hadi bahari mwainunua."

Tulikuwa tungali tumesimama pale bahari ilipoanza kuingia. Ilipita chini ya seng'enge yako, ikatufika magotini, na mlinzi wako akasimama juu ya kisiki chake akiwa ameshika viatu mkononi.

"Tajiri wako alipaona lini mahali hapa?" nikamuuliza.

"Aliletwa na dalali, maji yakiwa mafu."

Nitakueleza, maana sisi tuliolelewa milimani hatujui. Kuna siku ambazo bahari haina nguvu. Hayo ndiyo maji mafu, na pale huwa pakavu kama uwanja wa shule. Lakini mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huja bamvua, na bahari huchukua kila kilicho chake. Dalali alikuchagulia siku.

Uliponiandikia, bila kusema ni wapi, kwamba umepata "shamba kubwa nzuri", nilikusahihisha kwamba ni "zuri". Sasa naona si zuri wala si shamba.

Nijibu jambo moja tu. Je, uliuza shamba la mtoni ili ununue hili? Lile ambamo Mama hulima nduma zake? Na je, yeye anajua?

Msalimie Mama, lakini usimsomee barua hii kabla hujamwambia mwenyewe. Msalimie mkeo Karimi, na mjomba wetu anayefuga mbuzi huko Kiritiri, akija sokoni.

Kikundi kinakutana Ijumaa jioni. Wengi wanataka tukushtaki kabla mawe hayajafika. Bi Mwanaisha anataka kwanza uitwe, usimame pale siku ya bamvua. Wameniomba nitoke nje wakati wa kupiga kura, kwa kuwa wewe ni damu yangu. Nimekataa. Nitaketi mle ndani na kunyoosha mkono kama wengine, na usitegemee kwamba nitaunyoosha kwa ajili yako. Wakishaamua nitakuandikia mimi mwenyewe siku iyo hiyo, usije ukayasikia kwa dalali.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Kagendo