Keki Haikuwa na Kosa

Kwako Mama Kioko, jirani yangu wa ukuta mmoja,

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwa wote wanaohusika na wasiohusika kwamba siku ya Jumapili, baada ya sala ya alasiri, mimi Mama Swabra wa Maweni, Malindi, nilikataa sahani ya kaimati. Sikuipokea nikaificha. Sikuipokea nikawapa kuku. Niliikataa kwa mdomo wangu, mlangoni kwangu, mchana kweupe, mbele ya mashahidi wawili na paka. Katika miaka hamsini na mbili niliyokula chumvi, jambo hilo halijapata kutokea. Mashahidi walishtuka. Paka alivumilia.

Mleta sahani ni binti aliyehamia nyumba uliyoiacha, bado bibi harusi, hina haijamtoka vidoleni. Kaimati zake zang'aa shira, akaniuliza kwa unyonge, "Kwani mama, nimekukosea?"

Nikamwambia, "Hujanikosea, mwanangu. Nina ugonjwa wa sukari. Wewe niletee mchuzi wa samaki, hata kesho usisubiri."

Akacheka, akaenda zake. Ndiyo hivyo tu. Nikarudi ndani, nikakaa kitandani, nikalia kama mtoto aliyenyimwa. Maana maneno hayo hayo ningekwambia wewe mwaka jana, leo ungekuwa hapo ng'ambo ya ukuta unanipigia kelele nipunguze redio.

Najua Gede si Uarabuni. Nikiondoka asubuhi nafika kwako chai haijapoa. Lakini nimeona nitangulize barua, tena barua ya wazi, kila mtu aisome, kwa sababu lawama uliyobebeshwa ilisemwa hadharani. Haitakuwa haki ulaumiwe mtaani kisha uombwe radhi chumbani.

Wakumbuka siku mlipohamia? Baba Kioko kapata kazi ya ulinzi hotelini, nawe umefika kutoka Makueni na mtoto mgongoni na mfuko wa nafaka. Nilikuletea samaki wa kupaka. Ulipokea sahani kwa mikono miwili, na kesho yake ikarudi imejaa muthokoi, yale mahindi yenu ya kukoboa. Niliitazama muda mrefu. Sikujua kama ni chakula au ni kokoto zilizochemshwa. Nikala, nikaongeza, na wiki iliyofuata nikawa nachungulia ukutani kama mwizi kuona umebandika nini. Desturi yetu kwamba sahani ya jirani hairudi tupu hakuna aliyekufundisha, lakini uliifuata kama mzaliwa wa Mambrui. Kwa miaka tisa sahani zangu na zako zilichanganyika mpaka ulipohama ukachukua mbili zangu, nami nimebaki na tatu zako. Tusiulizane.

Siku mlipokuwa mkipakia vyombo, Baba Kioko, ambaye Mungu hakumuumba na uwezo wa kununa, alinitobolea siri. Ati nazi ilikuchoma kifua tangu siku ya kwanza. Ati ulikuwa ukila wali wangu, kisha unatafuna vidonge vya kiungulia. Miaka tisa! Mwanamke wewe, nami nilikuwa nakutilia tui la kwanza, zito, makusudi, kwa mapenzi!

Nilicheka siku ile, kisha kicheko kikaniishia. Niliona kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja anajiumiza kimya kimya ili mwenzake afurahi, na kila mmoja akidhani huo ndio ujirani mwema.

Wewe angalau ulijaribu kunizindua. Ilikuwa siku zile mabomba yamekauka, ukanikuta na mitungi miwili nampelekea maji Bi Rukia, bibi yetu wa mtaa, mkono mmoja umeshika kiuno. Ukanitua mtungi mmoja bila kuniuliza, ukaniambia, "Mama Swabra, kanisani kwetu tunaambiwa tumpende jirani kama nafsi yetu. Sasa mimi nikiangalia vile unaitesa hiyo nafsi yako, hata naogopa kuwa jirani yako."

Nikakujibu, "Wewe beba maji, mahubiri waachie wenyewe." Tukacheka hadi maji yakamwagika.

Hata sisi darsani twafundishwa kwamba mwili una haki yake juu yako. Neno hilo nimelisikia mara nyingi na kuliitikia kwa kichwa. Nilidhani waambiwa wengine, wale wanaofunga na kuswali kupita kiasi. Sikudhani limekusudiwa mwanamke mnene anayependa kusifiwa kwa upishi wake.

Kisha ikaja ile siku ya keki. Kioko kafaulu mtihani wake, nawe ukaoka keki kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, harufu yatapakaa mtaa mzima. Ulinikaribisha wa kwanza. Hata chai uliniuliza, nakumbuka kama jana, "Sukari nikuwekee?" Nikasema, "Weka, kwani mimi mgeni?" Nikala vipande viwili. Nilipoinuka niende, sakafu yako ikanijia usoni.

Yaliyofuata yanajulikana hapa mtaani kuliko habari za redio. Kwamba hospitali kile kimashine cha kupimia kilikataa hata kutoa nambari, sukari imekipita. Kwamba nililazwa siku tatu. Kwamba Swabra, mwanangu wa kwanza, mwenye sauti ya kuadhini laiti angekuwa mwanamume, alirudi nyumbani akasimama uani na kukupayukia watu wote wakisikia: "Wamlisha mamangu sukari na wajua mgonjwa! Jirani gani wewe?"

Nawe, niliambiwa, ulikuwa umeshika ufagio, ukasema tu, "Haki ya Mungu, Swabra, sikujua."

Hakuna aliyekuamini. Miaka tisa ukuta mmoja, usijue? Wanawake wakaanza kukuamkia kwa mbali. Mwezi wa pili baada ya hapo Baba Kioko akatafuta kazi Gede, mkasema ni kwa sababu kodi ya kule ni nafuu. Haya, tukasema ni kodi.

Sasa nikueleze yaliyokuwa kweli, na Mungu ni shahidi.

Hukujua kwa sababu sikukwambia. Ugonjwa wangu waliujua wanangu, na Bi Rukia, kwa kuwa tulikutana foleni ya kliniki, kila mmoja akajifanya kamsindikiza mwingine. Nilikuficha kwa kuogopa sahani zako. Niliona ukijua, utaanza kuniruka, utanipikia kivyangu, utanionea huruma. Mimi ndiye niliyezoea kuonea watu huruma. Sikutaka kazi yangu ichukuliwe.

Na si keki iliyoniangusha. Mwezi mzima kabla ya keki yako, Bi Rukia alikuwa hana dawa. Alienda kliniki akaambiwa zimekwisha, arudi, akarudi akaambiwa bado. Bibi wa watu miaka sabini na kitu, anishikia mkono, "Mwanangu, mie nitafanyaje?" Vidonge vyake na vyangu ni vya aina moja. Nikachukua kisu cha kukatia vitunguu, nikawa nakata kila kidonge vipande viwili, nusu yangu, nusu yake. Nilivikata kwa furaha, Mama Kioko. Nilijiona mtu mwema kuliko mtaa wote. Kiu ikanianza, nakunywa mtungi mzima. Macho yakaingia ukungu, nikatia chumvi kwenye chai na magadi kwenye wali. Nikajisemea uzee. Ningeweza kumwambia Athumani, mwanangu wa pili, atutafutie dawa mimi na bibi, na angetafuta siku hiyo hiyo. Lakini hapo ningekuwa muombaji, si mtoaji.

Bi Rukia hana kosa. Nimemuomba ruhusa ya kumtaja, akaniambia, "Andika, mwanangu. Jina langu mie lishachakaa, halitachafuka kwa barua." Hakujua kwamba nakata. Alidhani nina akiba.

Daktari aliniuliza kama natumia dawa. Nikamwambia kila siku, bila kukosa. Swabra akaniuliza, "Mama, ulikula nini?" Nikamwambia, "Keki ya Mama Kioko." Keki nilikula kweli. Lakini nilijua akilini mwangu jibu hilo linampeleka wapi, nikaliacha limpeleke, kwa sababu kulaumiwa wewe kulikuwa kwepesi kuliko mimi kuonekana mpumbavu mbele ya wanangu.

Uliniambia unaogopa kuwa jirani yangu. Ulikuwa na haki ya kuogopa. Nafsi yangu niliidhulumu, na zamu yako ilipofika nikakupa kile kile nilichokuwa najipa mimi. Nimeifikiria sana hii. Zamani nilidhani kuna mizani, upande mmoja nafsi, upande mmoja jirani, na mtu mwema huutia upande wa jirani uzito wote. Siioni tena hiyo mizani. Ningejipenda kiasi cha kusema, "Naumwa, nisaidieni," Bi Rukia angepata dawa kamili, nami kamili, nawe ungekula keki ya mwanao kwa amani.

Ijumaa iliyopita, baada ya chakula, niliwakalisha wanangu wote wawili nikawaeleza haya. Athumani alitoka nje. Swabra hakusema nami siku nne, na Swabra kunyamaza siku nne, wewe wamjua, ni msiba. Jana kaniuliza tu Gede mwakaa upande gani.

Limebaki moja, na ndilo lililonichelewesha kuandika mwaka mzima.

Siku ya pili nimerudi kutoka hospitali, ulikuja. Ulipiga hodi mara tatu. Nilisikia kandambili zako tangu kwenye ngazi. Swabra akakuzuia mlangoni, akakwambia nimelala. Ukasema, "Basi akiamka mwambie nilikuja," ukamwachia chupa ya uji.

Sikuwa nimelala. Nilikuwa chali kitandani, macho wazi, hatua tano kutoka mlangoni. Neno moja tu, "Mama Kioko, pita," na yote yangekwisha hapo. Niliufunga mdomo wangu, kisha nikafunga na macho, hata kwenye giza langu mwenyewe nisikuone ukiondoka.

Ule uji niliunywa wote. Ulikuwa wa wimbi, mwepesi, haukuwa na sukari hata punje. Ulikuwa umejua kwa siku tano tu, na tayari ulikuwa umeshajifunza namna ya kunilisha.

Nakuaga hapa, jirani yangu, mkono umechoka na karatasi imelowa. Jumamosi nitakuja Gede, mimi na Swabra. Ukimtuma Baba Kioko mlangoni atuambie umelala, nitamwamkia, nitageuka, na wala sitampigia hodi mara ya pili.

Ni mimi, jirani yako niliyekukosea,
Mama Swabra