Halua ya Arubaini Yako

Fundi wangu Faki,

Fatiha nimeshakusomea kabla sijashika kalamu, kwa hivyo usinione sina adabu nikianza moja kwa moja na habari za jikoni. Naandika kwa herufi za Kiarabu nilizofunzwa chuoni kwa maalimu, zile zile ulizokuwa ukizicheka kuwa zinatambaa kama kaa.

Sote wazima. Bi Mize mkeo katoka eda juzi Alkhamisi, kakonda kidogo lakini ulimi wake haujakonda. Hapa Wete mazungumzo ni siasa tu, siku hizi wako watu hawanunui hata chumvi kwa mtu asiye wa chama chao. Jikoni kwako wanakuja wa huku na wa kule, wanakaa benchi moja, wanapeana migongo, wanakula halua. Jiko linawaka, fundi. Ndilo nililotaka kukwambia, lakini nikisema hilo tu nitakuwa nimekudanganya, maana lilikaribia kuzimika, na aliyetaka kulizima ni mie.

Miaka kumi na moja nimekukorogea. Watu walinisifu kwa mkono, Kombo hachoki, Kombo ana nguvu za punda, na sifa hiyo ikanitosha. Weye ukipima sukari na wanga, ukitia samli, ukitazama sufuria ukasema, "Toa kuni." Mie nikizungusha mwiko na kupiga soga na wapita njia. Mara ngapi uliniita? "Njoo utazame, Kombo. Hapa ndipo penyewe." Nikaja nikatazama kwa macho, akili iko barazani kwenye kahawa. Ukinambia leo pika weye, nikajibu, mbele yako fundi, nitawezaje? Watu wakaona ni adabu. Mwenyewe pia nikaona ni adabu.

Kisha ukaondoka, homa ya siku tatu tu, na arubaini yako ikafika. Hitima ya mtu aliyelisha mji mzima halua itasomwa vipi bila halua? Nikasema nitapika mie. Nikapima kwa kukisia, nikakoroga kwa nguvu, ilipoanza kung'aa juu nikatoa kuni. Sahani zikapita pamoja na kahawa. Kila mtu, "Mashaallah, Kombo, kama ya marehemu." Mzee mmoja aliyetoka Wingwi alinishika mkono akalia. Basi nikavimba. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kumbe kazi yenyewe ni hii tu.

Asubuhi yake Bi Mize akaniita. Alikuwa bado yumo ndani ya eda, kwa hivyo nikakaa ukumbini, naye yuko nyuma ya pazia. Akaisukuma sahani chini ya pazia. Halua ilikuwa vile vile, imemegwa kipande kimoja tu.

"Kombo, nani kakwambia hii imeiva?"

Nikasema watu wote wameisifu. Akacheka, cheko la mtu aliyelia mwezi mzima. "Weye mwanangu, nani atatia kasoro chakula cha hitima? Ungewapa jivu wangesema Mashaallah. Hii inanuka wanga mbichi mpaka huku ndani." Kisha akanambia lililomo moyoni mwake. Eda ikisha, jiko atamkodisha mtu wa Chake Chake mwenye ufundi wake, na mie nikitaka nitamkorogea huyo. "Kwani si ndiyo kazi uipendayo?"

Fundi, sijapata kuumia vile. Niliionja mwenyewe. Ilinata kwenye meno, ladha yake kama uji wa mgonjwa, na ndiyo niliyowalisha watu waliokuja kukuombea dua. Nikaenda uani kwenye kuni zako nikalia. Sikulia kwa kukukosa siku ile, nililia kwa aibu.

Nikabakiwa na miezi mitatu kabla ya eda kwisha. Nikaanza na sufuria ndogo ya nyumbani, kila nikishasali Alasiri. Ya kwanza iliungua. Ya pili ikawa ngumu, mke wangu akasema tuiweke mlangoni izuie upepo. Kila moja niliipeleka kwa Bi Mize, maana nyuma ya lile pazia ndipo mahali pekee ambapo hapakuwa na mtu wa kunionea haya. "Bado." "Sukari imekuwahi." "Leo umemwaga iliki, unaficha nini?" Kuna wakati nilikasirika, wiki nzima sikwenda. Nikajiambia heri nimkorogee huyo mtu wa Chake, mkono wangu si una sifa? Nikajisikia mwenyewe ninavyosema. Nikarudi.

Ndipo nikakijua ulichokuwa ukiniitia. Kule kung'aa kunakuja mapema, na kunadanganya. Halua inaimeza samli yote, unaona imekwisha kazi, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Baadaye inaitema yenyewe pembeni, na mwiko uliokuwa mzito unakuwa mwepesi. Mkono unajua kabla ya macho. Miaka kumi na moja mwiko ule ulikuwa mkononi mwangu mie, fundi, si mwako. Habari yote ilikuwa ikinipitia mkononi, nami nauliza wapita njia bei ya samaki.

Wiki ya mwisho ya eda nikapika sufuria kubwa. Nikapeleka sahani, nikakaa ukumbini. Nikauliza, "Bi Mize, bado?" Sahani ikarudi tupu chini ya pazia. Akasema, "Mpelekee salamu yule mtu wa Chake. Mwambie asije." Nilitoka pale kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani, nikasimama njiani nacheka peke yangu, watoto wa chuoni wakanishangaa.

Ijumaa inshallah nitakuja kukung'olea majani kaburini. Ile halua ya lozi uliyokuwa ukisema siku moja tutaijaribu, nitaijaribu kabla ya Ramadhani, na ikiharibika nitakuwa wa kwanza kusema imeharibika. Mola akulaze pema, baba yangu wa kazi. Ulinisubiri miaka kumi na moja, nami nimekuja kuiva miezi minne baada yako. Uniwie radhi. Sitamngojesha mtu tena.

Kombo