Konzi Moja ya Samaki wa Basoko

Papa Sefu, mume wangu,

Leo nimemaliza eda. Nimeoga, nimevaa kitenge, na kabla ya kwenda kumsalimia mtu yeyote nimekwenda soko la Tshopo kununua kosa-kosa, wale kamba wadogo wakavu. Usicheke.

Nina neno nawe, limenikaa kooni miaka yote ya ndoa yetu. Nilikuwa na wivu na Khin. Mwanamke wa Burma, ambaye ulipanga chumba kwake ujanani, ulipopeleka almasi Bangkok! Hata picha yake sikuiona, lakini kila Ijumaa alikuwa jikoni mwangu. Ulikaanga vitunguu na saumu, ukatia pilipili na kamba wa kutwanga, ukakoroga mpaka vikauke vilie kwenye meno: ile balachong yenu ya kunyunyizia wali na spageti. Mimi, ambaye sombe yangu, majani ya muhogo ya kutwanga, watu huvuka mto kuja kuila, nilikaa pembeni kama mgeni. Ukionja, unatikisa kichwa: "Bado. Ya Khin ilikuwa na kitu." Kitu! Nilitamani kuimwaga yote uani.

Sasa nakiri. Ijumaa moja ulitoka kwenda kuchota maji. Nikachukua konzi moja ya samaki mkavu wa kwetu Basoko, yule anayenuka mpaka kwa jirani, nikamtwanga haraka nikamtia humo. Nilitaka iharibike. Nilitaka umsahau. Ukarudi, ukaonja, macho yakakutoka: "Voilà! Leo iko sawa na ya Khin, kabisa!"

Mkono wangu, sifa zake. Lakini Ijumaa iliyofuata ulipotoka nilitia tena, na tena. Kwa nini, sijui. Labda nilipenda kukuona ukila. Miaka kumi na tisa nimekupikia jina la mwanamke mwingine, nimenyamaza na kijiba changu cha roho.

Juzi Tonton Ramazani, rafiki yako wa dukani, alikuja kuwajulia hali watoto. Akaniuliza kupitia pazia: "Mama Sefu, ile balachong, utaendelea kutia samaki yako?" Kumbe siku ile ile ya kwanza uliona magamba kwenye kinu, ukaenda kumsimulia yeye. "Maji ilikuwa iko mingi kwa nyumba, mama. Alikuwa anatoka kusudi, ili utie."

Nililia. Kisha nikakasirika. Ulijua! Na bado ukasema Khin, Khin, mbele ya wageni! Ulikuwa unanitania? Au uliogopa kwamba ukinisifu nitaacha? Na usidhani wivu umeisha. Sasa namwonea wivu Ramazani, aliyekaa na siri yako miaka yote hiyo huku akila kwangu. Ungeniambia mimi, hata mara moja, hata hospitalini.

Leo nimepika peke yangu. Nimetia kila kitu, samaki pia, konzi ile ile. Mwanetu Sefu ameonja, akatikisa kichwa kama wewe: "Mama, kuko kitu inakosa."

Lala salama, mume wangu. Msalimie Khin ukimkuta huko, lakini usikae naye sana. Nami nakuahidi: kila Ijumaa mafuta yakichemka, nitachukua ndoo, nitoke nje kidogo, nikuachie jiko.

Mkeo,
Mama Sefu