Fidla Ambayo Mama Yako Hakuisikia

Lemayian, rafiki yangu,

Mama yako alikuja Kitengela Jumanne. Alitoka Kajiado peke yake, akaulizia njia mpaka akafika kwenye chumba changu cha kufundishia, akakaa kwenye kiti chako. Tangu tukuzike nimekuwa nikimkwepa.

Kule mazishini hakuna aliyetaja fidla. Walimlilia Soja Mapengo, yule mlinzi uliyemwigiza kwenye runinga, anayesinzia kazini, na msimamizi wa shughuli akaiga sauti yako watu wakacheka mbele ya jeneza. Nilikasirika. Miaka minne ulinijia kila Jumatatu, siku yako ya mapumziko, na nchi nzima inayajua tu meno yako yaliyopakwa rangi nyeusi. Hata majirani zangu walipokuona na kasha la fidla walikuuliza, "Soja, siku hizi rungu inavaa suti?" Ukacheka nao. Ukishaingia ndani ulikuwa hucheki.

Ulitaka kitu kimoja: kumpigia mama yako ule wimbo aliokuwa akiuimba akikamua ng'ombe, ajue kwamba mwanawe si wa kuchekwa tu. Kila mwisho wa mwezi uliniuliza, "Mwalimu, sasa niko tayari?" Nami, na ukali wangu huu wa bure, nikajibu, "Bado." Bado! Ulikuwa tayari tangu mwaka jana. Nilitaka upige bila doa, nipate sifa ya kukufundisha. Kisha homa ya mapafu ikakumaliza kwa wiki moja.

Mama yako akasema, "Lemayian alisemanga unamrekodi kwa simu. Wekea mimi kidogo tu."

Unaijua desturi yangu. Nakurekodi, tunasikiliza pamoja, nakuonyesha makosa, halafu nafuta ukiona, ili masikio yako yasiyazoee. Kila mwanafunzi wangu nimemfanyia hivyo. Nilimfungulia simu nikamwonyesha kwamba hakuna kitu. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Nikachukua fidla yangu nikampigia ule wimbo mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. "Ashe, Mwalimu," alinishukuru. "Imekuwa mzuri. Lakini hiyo ni wewe." Akajifunga shuka yake, akaenda kungoja gari.

Tangu siku hiyo najaribu kuupiga kama wewe. Ile noti ya juu uliyokuwa ukiifikia umechelewa, ukiikwaruza kidogo, nilikugombeza kwa ajili yake mara ngapi? Sasa naitafuta siipati. Mikono yangu inaisahihisha kabla sijaizuia. Haikubaki popote duniani ila kichwani mwangu, na kila asubuhi naisikia hafifu zaidi. Nadhani nitaipoteza, Lemayian. Nakwambia ukweli kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Lala salama. Msamaha siuombi, nimechelewa. Lakini nakuahidi nitaendelea kujaribu kukosea kama wewe, na nikiweza hata mara moja tu, nitapanda gari la Kajiado siku hiyohiyo. Sitangoja iwe safi.

Mwalimu wako,
Mueni