Ukuta Uliojengwa Dukani Kwako

Baba,

Shikamoo. Leo usiponiitikia nitavumilia, ila nisikilize mpaka mwisho, maana sina mwingine wa kumwambia haya. Mama yuko kule mlimani karibu na kaburi lako, na habari hizi si za kumpelekea mjane. Kaka Aminieli yuko hapa mbele yangu, ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza ukutani, na tangu asubuhi amenisemesha mara moja tu. Ni Jumatatu, jua la mchana liko kichwani, Kariakoo nzima inapaswa kuwa inapiga kelele, na sisi tumefunga duka. Wewe ungeuliza nani amefariki.

Baba, duka lako limefupika. Matanga yako hayajapoa, kaka akamleta fundi, wakaikata stoo katikati kwa ukuta wa matofali. Wakaupiga lipu, wakaupaka chokaa, wakatundika kalenda ili uonekane ni wa zamani. Pale ulipokuwa unapiga magoti jioni kabla ya kufunga, milango yote miwili, wa mbele na wa uani, ikiwa wazi na wapita njia wakikuchekea, sasa mtu akipiga magoti atagonga paji la uso. Ulikuwa ukisema, "Duka la mtu anayesali halina nyuma." Sasa lina nyuma. Huko nyuma mna magunia ya sukari, sabuni za miche, khanga na mafuta ya kupikia, vitu ambavyo mji huu umeanza kuvisahau.

Usimchukie mwanao. Siku tulipokuzika yeye ndiye aliyelia kuliko sisi wote, mpaka wajomba wakamshika mikono asiingie kaburini. Lakini tulipokuwa tunakuvisha, aliona kwamba una shati moja tu la kanisani, lile lenye kola iliyogeuzwa, na nadhani hapo ndipo kitu kilipomwingia. Tuliporudi mjini akaniambia, "Baba alisali sana, Elieshi, lakini mimi sitazikwa na kola iliyogeuzwa."

Akina mama wanapanga foleni tangu alfajiri siku hizi. Mwingine anaacha jiwe, mwingine kopo, kumshikia nafasi wakati ameenda kumnyonyesha mtoto. Tunakula unga wa njano, ule ulioukimbia wewe kwa kusingizia kiungulia. Wakija kuuliza sukari, kaka anajibu, "Haijaja." Asipokuwepo, najibu mimi. Na Jumapili tunasimama wote wawili kwenye kwaya, yeye besi, mimi soprano, tunaimba kama watu waliolala usingizi mzuri.

Wanaosema kweli humu ndani ni sisimizi peke yao. Wanatoka mlangoni, wanapita chini ya kaunta, wanapanda ukuta mpaka kwenye kalenda, wanapotelea kwenye ufa mdogo. Kaka aliwamwagia majivu, wakazunguka majivu. Akaziba ufa, wakatafuta mwingine. Mteja akiingia, kaka anasimama juu ya ule mstari na viatu vyake vikubwa, anazungumzia Simba na Yanga.

Halafu redio ikaanza. Walanguzi, walanguzi, wanaoficha bidhaa za wananchi, asubuhi na jioni. Tukacheka kidogo mwanzoni, tukasema maneno ya redio huishia redioni. Ikawa siku moja asubuhi gari la serikali likasimama kwa jirani yako Bwana Jetha, yule wa vitambaa aliyekuwa akikuletea ladu kila Diwali na wewe ukimpelekea ndizi. Walikuta majora chini ya kitanda. Walimchukua alivyo, na kikombe chake cha chai kilibaki kwenye kaunta kikiwa nusu. Mkewe aliteremsha mlango wa bati, akaenda kwa dada yake Upanga, hajarudi. Ukichungulia kwenye upenyo unakiona kile kikombe, na chai imeota ukungu.

Tangu hapo watu wanatupa mali. Mvua iliponyesha juzi, mtaro wa mbele yetu ulijaa povu mpaka likapanda barabarani, maana kuna mtu alikuwa ametumbukiza sabuni zake mle. Povu jeupe, Baba, mtaa mzima, katika mji ambao watu wanafulia majani ya mpapai. Hakuna aliyeinama kuokota hata kipande. Watu waliliruka povu wakaenda zao, na kila mmoja alitazama mlango wa mwenzake. Nimekuwa naogopa tangu siku hiyo.

Sasa nikwambie la jana. Jana ilikuwa sikukuu ya mavuno. Unakumbuka yai lako? Kila mwaka kwenye mnada wa baada ya ibada ulinunua yai moja, ukalirudisha mezani liuzwe tena, akalinunua mwingine naye akalirudisha, mpaka yai likampita mbuzi kwa bei na watu wakaumwa mbavu kwa kicheko. Kaka alisema, "Baba hakwenda mbele za Mungu mikono mitupu." Nikadhani atapeleka kuku. Kumbe amekodi mkokoteni, akapakia gunia zima la sukari, akalipitisha mchana kweupe katikati ya mtaa hadi kanisani. Nilimshika mkono, akaniambia sadaka haifichwi. Aliamini, na kwa moyo wake wote, kwamba kitu kikishawekwa mbele za Mungu hakiulizwi kilikotoka.

Mzee Ndesario ndiye aliyekuwa anaendesha mnada, na unamjua mdomo wake. Aliuza mkungu wa ndizi, akauza maboga, akamtania mchumba wa mtu. Alipofika kwenye gunia akasema, "Haya, nani anaanza?" Kimya. Akarudia. Kimya. Akina mama wale wa mawe na makopo walikuwa wamesimama pale na nguo zao za Jumapili, wanaliangalia gunia. Mmoja nilimwambia kwa mdomo wangu huu, Ijumaa, kwamba sukari haijaja. Aliniangalia, hakukunja hata uso. Mzee Ndesario akashusha mikono, akakosa utani kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Mchungaji akamsogelea kaka. Alisema kwa sauti ndogo, lakini kimya kilikuwa kikubwa na wote tulisikia, "Rudi nalo nyumbani, mwanangu. Anzia huko."

Gunia likarudi kwa mkokoteni uleule, njia ileile. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mtu amevaa suti ya Kaunda, simjui. Tulipokwisha kushusha, alimwita msukuma mkokoteni, wakaongea, na msukuma akanyoosha kidole kwetu. Gunia sasa liko katikati ya duka. Sisimizi wameshahamisha mstari wao.

Leo tangu asubuhi lile gari liko mtaani kwetu, linakwenda duka hadi duka. Halina haraka. Nilikwenda kuazima nyundo kwa fundi viatu, ikawa ndogo, nikaazima nyingine kwa wajenzi. Niliporudi, kaka akanielewa bila kuambiwa. Ndipo alipokaa hapo alipokaa. Alisema, "Ukipiga, anza na mimi." Ndiyo maneno yake ya mwisho.

Sijidanganyi, Baba. Nikibomoa ukuta na kuanza kuuza kwa bei ya serikali, wanaweza kutuchukua hivyohivyo, na mali yote uliyoianza kwa kahawa iliyojaa mbeleko moja itapandishwa kwenye lori. Naiacha. Ninachokitaka ni ile sehemu yako ya kupigia magoti, na huyu kaka yangu kabla hajawa mtu nisiyemjua. Mali ikiondoka atalia, kisha atakula. Hilo jingine likiondoka sijui nitamrudishia nini.

Kuna kitu kimoja bado sijajaribu. Jani la isale nililolichuma kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, siku ya mazishi limo ndani ya Biblia yako, limekauka, rangi imebaki. Nakumbuka ulivyompelekea baba mkubwa jani kama hilo, mlipogombania ile migomba ya mpakani. Haki ilikuwa yako, wazee wote walisema. Ukaenda wewe, ukamwachia migomba, ukarudi unaimba, na Mama akakununia wiki nzima. Ulituambia, "Migomba itaota tena, ndugu haoti." Na kwetu mtu akikuletea isale, hata awe amekukosea nini, hata awe mdogo wako, humkatalii anachoomba.

Ngoja kidogo.

Baba, nimerudi. Nimeliweka mapajani mwake. Nilipiga magoti, nikaliweka kwa mikono miwili. Alilitazama muda mrefu. Akalishika kwenye ncha, taratibu, kama anaogopa litavunjika, na uso wake ukawa ule wa siku ya kaburini. Nje mlango wa bati wa duka la tatu kutoka letu umepigwa, mtu anaambiwa afungue.

Kaka amesogea.

Amesogea tu, kidogo, ukuta ukabaki wazi.

Naweka kalamu, nashika nyundo. Nakuahidi hivi: jioni ya leo, watukute au wasitukute, milango miwili itakuwa wazi na mtu atapiga magoti pale pako, awe mimi au yeye. Tukichukuliwa wote, nitapiga magoti huko watakakotupeleka, nawe utanitambua kwa sauti. Pumzika, Baba yangu. Kola yako iliyogeuzwa ilikupendeza, nilipaswa kusema hivyo siku ile.

Gari limezima injini mlangoni kwetu, na nyundo ni nzito kuliko nilivyodhani. Kaka amenyoosha mkono nimpe.

Mwanao,
Elieshi